Vidonge vya Fundi na Vyangu

Jumatatu, Machi 11

Mvua ya kwanza imeshuka leo asubuhi, nikaipokea kama mgeni wa heshima. Miavuli yangu yote ya kuuza imeondoka kabla ya adhuhuri. Watu wengine mvua ikishuka wanakimbia, mimi nasimama katikati ya barabara natabasamu. Hata ningetaka kukimbia, mguu wa kushoto uligoma tangu mwaka jana.

Hospitali wamenipa karatasi ya kujaza kila siku. Ina visanduku: mguu, mkono, jicho, mkojo, uchovu, na cha mwisho, umemeza vidonge? Ndiyo, hapana. Visanduku vyenyewe vidogo, haliingii hata tusi. Mimi nina maneno. Kwa hiyo nimenunua daftari langu, nitaandika humu mpaka mvua zikatike. Shule niliishia darasa la tano, lakini mwalimu mwenyewe alisema mdomo wangu umemaliza chuo.

Habari yenyewe iko hivi. Naumwa neva. Daktari wa utafiti, dada mmoja mwembamba mwenye miwani, alianza kunieleza kwa nyaya za umeme. Nikamwambia, "Daktari, mimi umeme naujua ukikatika tu. Niambie kwa miavuli." Akacheka, akaniambia niufungue mmoja.

"Haya. Hivi vyuma ndio neva zako. Kitambaa kilichofunika tunaita myelini. Mwili wako una askari wa kupigana na magonjwa. Sasa wamechanganyikiwa. Badala ya kupiga adui, wanachana kitambaa."

"Kwa hiyo nimeajiri walinzi, na wao ndio wezi?"

"Hapo hapo."

Vidonge vyao ni vya kuwatuliza hao walinzi. Kwenye utafiti tuko watu mia mbili. Dawa zetu za zamani tunaendelea nazo, hivi ni vya kuongezea. Ila nusu yetu wanapewa dawa ya kweli, nusu wanapewa unga mtupu, na hakuna anayejua nani ana nini. Hata Daktari hajui. Chupa ina namba basi. Nikamwambia nimeuza vitu feki miaka kumi na tano, lakini sijawahi kumwambia mteja usoni kwamba huenda ni feki na bado akashukuru. Daktari ananizidi ujanja.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Mguu mzito. Nimemeza. Miavuli imeisha tena.

Ijumaa, Machi 15

Siku ya kupimwa. Kwenye benchi nimekaa na Fundi. Fundi ni mama wa cherehani, kanizidi kama miaka kumi, ana chumba cha kushonea nyuma ya soko. Mumewe alifariki, anasomesha mabinti wawili kwa sindano. Anaumwa ninachoumwa mimi. Tuliingia utafiti siku moja mwezi uliopita, na tangu siku hiyo tunagombana kama tumenyonya ziwa moja. Mimi namwita dada, yeye ananiita Mvua.

"Mvua, hilo shati alikushonea nani, adui yako?"

"Dada, hili limetoka ng'ambo."

"Lirudishe."

Vipimo ni viwili. Unatembea kutoka mstari uliochorwa sakafuni mpaka ukutani, Sista, muuguzi wao, ameshika saa. Halafu unaletewa ubao wenye matundu tisa na vijiti tisa, uvichomeke vyote kwa mkono mmoja. Mimi kutembea nimetumia sekunde tisa. Fundi vijiti amemaliza kwa ishirini na mbili. Mwenyewe anaviogopa hivyo vijiti kuliko sindano ya mgongo.

"Miguu ikifa nitashona nimekaa," kaniambia. "Mkono ukifa, wanangu wanatoka shule."

Jumatano, Machi 20

Kichefuchefu. Tumbo linanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mama watoto anasema ni vile vitu ninavyokula barabarani. Mimi nasema ni dawa. Dawa ya kweli lazima ikutikise.

Jumapili, Machi 24

Leo jua. Mwili wangu ukipata joto, jicho la kushoto linaingia ukungu. Daktari alishaniambia, neva iliyochanika haipendi joto. Nimekaa kivulini siku nzima na biashara imekaa na mimi.

Ijumaa, Machi 29

Kutembea: sekunde tisa na nusu. Fundi vijiti: ishirini na mbili, hazipandi hazishuki. Sista kahesabu chupa zetu za zamani, kaona tupu, katupatia mpya za wiki mbili.

Tulipotoka Fundi kanivuta pembeni, kwenye bomba la kunawia.

"Mvua, wewe vinakufanya nini?"

"Vinanichafua tumbo, dada. Mdomo mchungu, jasho, kiungulia."

"Mimi sisikii kitu. Hata kujamba sijambi." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nimepewa unga, mdogo wangu. Nimekaa kwenye ile nusu ya kuangaliwa nitaharibika lini."

Halafu akalia. Amefungua bomba ili watu wafikiri ananawa. Sijawahi kumuona huyu mama bila tusi mdomoni, nikasimama mbele yake ili watu wasimuone.

Jumamosi, Machi 30

Nimeenda kwake asubuhi na chupa yangu mfukoni.

"Dada, funga mlango."

"Nijifungie na wewe? Watu watasema nini?"

"Watasema umekosa wa maana."

Mimi feki naijua kwa kuishika. Nimeuza miwani, betri, manukato, saa za dhahabu zinazochujuka ukinawa. Nikafungua kidonge changu kimoja na chake kimoja, vile vya ganda, nikamwaga unga juu ya karatasi zake za kukatia vitambaa. Kwa macho ni sawa. Nikalamba. Changu kichungu mpaka sikio likasimama. Chake hakina kitu, kama kulamba ukuta.

"Lamba na wewe."

Akalamba. Akaifuta meza ambayo haina vumbi.

"Wewe ndiye unayo," akasema.

"Inaonekana."

"Hongera, mdogo wangu."

Na alimaanisha. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningeondoka zangu. Nikamwaga chupa zote mbili, yangu upande huu wa mkasi, yake upande ule, nikagawa kama mtu anayegawa karata. Kila siku tunameza viwili, asubuhi na jioni. Sasa kila mmoja atameza kimoja changu na kimoja chake. Chupa zitarudi tupu, hesabu ya Sista itatimia, hakuna aliyeibiwa.

"Lakini utabaki na nusu," Fundi akasema.

"Nusu mimi, nusu wewe. Kuliko mmoja apate yote na mwenzake ale unga."

Nimetembea kurudi nyumbani najiona mtu mkubwa.

Alhamisi, Aprili 4

Mvua tangu alfajiri. Tumbo limetulia. Kumbe nusu dozi ndiyo inanifaa.

Jumanne, Aprili 9

Nimepanda ngazi za benki kumfuata mteja, bila kushika ukuta! Mlinzi kanifukuza, nikashuka bila kushika ukuta pia.

Ijumaa, Aprili 12

Kutembea: sekunde saba na nusu. Sista hakuamini, akanirudisha kwenye mstari. Saba na nusu tena.

Fundi vijiti: ishirini na saba. Kimoja kilimponyoka. Alikiangalia pale sakafuni kama mtu aliyedondosha jino lake.

Tukatoka nje. Mimi nikapiga hesabu zangu. Dawa yangu ni moja. Mwili wangu umeshiba kwa nusu, wake bado una njaa. Basi aipate yote.

"Dada, chupa za leo tubadilishane. Hii yangu chukua nzima. Mimi nitameza huo unga wako."

"Na mguu wako?"

"Huoni ulivyo? Ushapona, sasa unanidai viatu."

"Mvua, usinifanyie wema ukaja kunisimanga."

"Nitakusimanga kwenye harusi za mabinti zako. Shika."

Akashika kwa mikono miwili.

Ijumaa, Aprili 19

Wiki nzima nakula unga na mguu unazidi kuchangamka. Nafikiri dawa ya mwanzo bado imo mwilini, imejificha. Mvua nyingi, barabara imekuwa mto, mimi ndani yake nauza.

Mama watoto kaniangalia navyotembea. "Unatembea vizuri. Mbona huimbi?"

"Koo."

"Mume wangu, wewe ukinyamaza kuna kitu umeficha. Mara ya mwisho ulikuwa umeuza kitanda."

Ijumaa, Aprili 26

Kutembea: sekunde sita na nusu.

Fundi vijiti: thelathini na nne.

Daktari katoka ofisini mwenyewe. Kachuchumaa mbele ya Fundi, kamuuliza mara tatu. "Mama, vidonge unameza? Asubuhi na jioni? Husahau?"

"Nameza, mwanangu. Sijasahau hata kimoja."

Na hakudanganya. Daktari kaandika. Nikatupa utani mmoja kuhusu benchi, haukuokotwa na mtu.

Nimekaa chooni nikifikiri. Kama anameza dawa ya kweli, mbona anashuka? Labda dawa yenyewe ndiyo mbaya, mimi nimempa sumu kwa mkono wangu. Nikamfuata getini.

"Dada, tuache. Kila mtu ameze chupa yake."

"Hapana."

"Vinakudhuru."

"Hujui! Nikiacha sasa si ndio nitaanguka kabisa? Ulinipa mwenyewe, Mvua. Usininyang'anye." Kanipokonya chupa yangu mpya, kaibana kwapani, yake kanitupia kifuani. Watu walikuwa wanatuangalia. Nikaondoka na unga wangu.

Alhamisi, Mei 2

Nimempitia Fundi. Kuna shati la mteja mezani, kola imepinda kama mdomo wa mtu mwenye jino bovu. Anashona kwa kushoto. Mkono wa kulia ameuweka mapajani, amefunika na kitambaa.

"Dada, twende hospitali."

"Siku ya kupimwa wiki ijayo."

"Twende leo."

"Mwenye shati anakuja kesho."

"Na hiyo kola atavaa shingo gani?"

Zamani hapo ningerushiwa mkasi. Kainama tu.

Jumamosi, Mei 4

Mvua. Chumba chake kimefungwa.

Jumatatu, Mei 6

Asubuhi binti yake mkubwa kaja mpaka nilipo, kalowa chepechepe, mimi nina miavuli ishirini mkononi na nimesahau kumpa hata mmoja. "Mjomba, mama hawezi kushika kikombe. Jicho moja anasema anaona moshi."

Tukakodi gari. Gari haliingii kwenye kile kichochoro, kwa hiyo Fundi nikambeba mgongoni. Mimi. Kwenye matope, mama mzima, mpaka barabarani, na mguu wangu wa kushoto haukutetereka hata mara moja. Alikuwa ananiambia sikioni, "Mvua, utaniangusha." Nikamwambia, "Siwezi kukuangusha, dada, tazama mguu." Na hapo hapo baridi ikanishika, sio ya mvua.

Hospitali wakamwekea ule ubao. Kijiti cha kwanza hakukiokota. Vidole vilikuwa vinakipapasa kama vya mtu mwingine. Sista kaisimamisha saa, kaificha mfukoni.

Daktari kanitoa koridoni. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Basi nakwambia wazi. Hii ni dharura, nina ruhusa ya kufungua bahasha yake nione alikuwa kundi gani. Kama alikuwa kwenye unga, tunamwekea dripu siku tano na baadaye tunampa dawa yenyewe. Kama alikuwa kwenye dawa, amemeza karibu miezi mitatu bila kuruka na bado ameanguka hivi, maana yake dawa imemshinda. Hapo naiacha, naenda kwenye ile kali. Ile inafagia askari wote, wabaya na wazuri. Mafua tu yanaweza kumuua."

Akaingia ofisini kwake, akarudishia mlango.

Nimesimama pale. Nikajiambia, chupa yake ni unga, nililamba mwenyewe. Bahasha itasema unga, atapata dripu, yameisha, na mimi nabaki kwenye utafiti na mguu wangu. Nikajiambia hivyo mara mbili. Mara ya tatu haikutoka. Kwa sababu aliyekuwa anameza chupa yake ni mimi. Na aliyembeba mwenzake ni mimi.

Nikagonga nikiwa nimeshaingia. Bahasha iko mkononi mwake.

"Daktari, kabla hujafungua. Hesabu yako sio kamili."

Nikasema yote. Kulamba, kugawa, kubadilishana. Hakunikatiza. Alivua miwani tu, akaishika.

"Nusu tangu lini?"

"Machi thelathini."

"Na zote?"

"Aprili kumi na mbili."

"Na wewe ukameza zake."

"Nilimeza zake."

Akachana bahasha. Akasoma, akanigeuzia. Namba ndefu, na chini yake neno moja: DAWA.

"Haiwezekani. Yake haina ladha. Yangu ndiyo chungu."

"Uchungu ni wa kile tulichojazia kwenye vile vya unga mtupu. Hatukufikiri kuna mtu atavifungua alambe. Vinamezwa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, mdomo wangu umezoea kutangulia. Halafu nikakaa sakafuni.

"Kwa hiyo nilimpa…"

"Ulimpa unga. Wiki tatu na zaidi. Na kabla ya hapo ulimpunguzia nusu."

"Ile kali? Atapewa ile kali?"

Daktari aliisoma ile karatasi tena. "Hapana. Dawa haijamshinda. Hakuwa anaimeza." Akavaa miwani. "Ungechelewa kugonga, ningeanza kuandika maagizo mengine kabisa. Lakini wewe unatoka. Leo. Namba zako na zake hazifai tena, na kuna watu mia moja tisini na wanane wanasubiri jibu la hizo namba."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Ungeelewa usingelamba."

Dripu ya kwanza wamemwekea saa nane.

Jumatano, Mei 8

Dripu ya tatu. Nimekaa koridoni. Fundi kamuuliza Sista nani anakohoa huko nje, kaambiwa ni mimi. Hakusema niingie.

Ijumaa, Mei 10

Dripu ya tano. Kaniita.

Amekaa kitandani, anajaribu kugusisha kidole gumba na vidole vingine, kimoja kimoja. Kinafika cha tatu kinarudi.

"Daktari kaniambia," kasema bila kuinua macho. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nayo."

"Wewe, dada. Nikakunyang'anya."

"Usijipe ukubwa. Ulimi niliolambia ni wangu. Na ulipotaka turudishe, nani aliibana chupa kwapani?" Kidole kikafika cha tatu, kikarudi. "Ila usifikiri nimekusamehe. Labda wiki ijayo. Leo nina kazi."

Nikakaa naye mpaka kidole kikagusa cha nne. Ilichukua muda mrefu.

Ijumaa, Mei 17

Fundi vijiti: sekunde arobaini na moja. Lakini vyote tisa! Nilipiga makofi mpaka Sista akanitoa nje, na mimi sina tena haki ya kuwa ndani.

Alhamisi, Mei 23

Jua siku ya nne. Naona mvua zimekatika. Nimeanza kuuza kofia. Jicho ukungu, mguu mzito. Daktari ananiona kliniki ya kawaida sasa, na dawa zangu za zamani. Nimemuuliza, ni joto au ni ile dawa imetoka mwilini? Kasema hajui, na hatajua mpaka utafiti uishe, na kwa sababu yangu utachelewa kidogo kujua. Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Mama watoto nimemwambia yote. Siku ya kwanza hakuongea na mimi. Leo kauliza, "Ulijua mguu unaweza kurudi ulikokuwa, na bado ukampa?"

"Nilifikiri nampa."

Kaniwekea maji baridi ya kuoga, kanishika mkono mpaka bafuni.

Ijumaa, Mei 31

Fundi leo vijiti ishirini na tisa. Amerudi kwenye cherehani, anashona pindo tu, kola bado. Wamemwombea ruhusa maalumu, anapewa dawa yenyewe wazi wazi, chupa ina jina lake.

Nimeenda kumuona. Kutoka njia panda mpaka kwake nimepumzika mara mbili. Kumbe ananiangalia dirishani.

"Umesimama mara ngapi?"

"Nilikuwa nasalimia watu."

"Njia yote haina mtu, kuna jua la kuchoma ngozi." Kavuta chupa kutoka kwenye mtoto wa meza, kamimina vidonge viwili kwenye kiganja cha kulia. Kiganja kinatetemeka lakini kimeshika. "Chukua kimoja."

"Dada."

"Mimi nimetoka kwenye hesabu zao, hakuna anayepima tena nimemeza vingapi. Nimekuona unavyouburuta huo mguu. Nina mkono kwa sababu ulienda kugonga ule mlango. Kimoja tu, Mvua. Cha jioni nitaruka."

Niseme ukweli, maana hapa sidanganyi. Nilikitaka. Nilikitaka mpaka mate yakajaa. Nilikumbuka zile ngazi za benki. Nikanyoosha mkono nikakichukua, na Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Nikakirudisha kwenye chupa. Nikafunga kifuniko.

"Hicho kilichobaki meza."

"Kiburi hicho."

"Meza, dada."

"Utakuja kutambaa hapa mlangoni kwangu."

"Nitatambaa. Meza."

Akanyonya meno, akatia kidonge mdomoni, akashushia maji.

"Fungua mdomo."

"We, una wazimu?"

"Fungua. Inua ulimi."

Akafungua, akainua. Nikachungulia huku na huku kama mtu wa forodha. Hakukuwa na kitu.

"Umeridhika?"

"Cha jioni nakuja kuangalia tena. Na kesho."

"Kwa mguu gani?"

"Huu huu."